Maoni na Kero: Lugha ya Kuisemea Serikali katika Ufipa

Katika Kiswahili cha Tanzania yako maneno mawili ambayo kwayo mwananchi huitwa aseme yaliyo moyoni mwake juu ya serikali yake. La kwanza ni maoni, la pili ni kero. Asiyezoea mambo ya nchi hii aweza kudhani kwamba maneno haya yakaribiana kwa maana, na kwamba kutumia moja badala ya jingine ni suala la mtindo tu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Mfano wangu ni wa nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, na hasa habari ya mahindi, kwa kuwa ni vigumu kupata huko jambo la siasa lizungumzwalo kuliko hilo.

Maoni latokana na kitendo kuona. Umoja wake hausikiki sana, na watu husema maoni hata wanapotaja wazo moja la mtu mmoja. Mwenzake wa asili ya Kiarabu, rai, nalo latoka katika kitendo chenye maana ya kuona. Yaani lugha mbili zisizo na udugu zimekubaliana kwamba mwenye fikra juu ya jambo ni mtu aliyelitazama. Kero ni la ukoo mwingine. Lazaliwa na kukera, yaani kuudhi, kusumbua. Mwenye kero hakutazama kitu akakipima. Kitu ndicho kilichomjia kikamsumbua.

Tofauti hii yajionyesha wazi zaidi katika maneno yanayoandamana nayo. Twasema maoni juu ya sheria, maoni kuhusu bei; lakini twasema kero ya maji, kero ya barabara, kero ya pembejeo. Maoni hutolewa, hukusanywa, hupingwa. Kero husikilizwa, hutatuliwa, huondolewa. Haisemwi kwamba mtu amepinga kero ya mwenzake, wala haisemwi kwamba mkuu wa wilaya ametatua maoni. Atoaye maoni adai ajibiwe kwa hoja, na atoaye kero adai afanyiwe jambo. Kwa hiyo neno atakaloitiwa mwananchi ladokeza tangu mwanzo jibu atakalopewa.

Neno maoni lina historia ndefu katika siasa ya nchi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka kukusanya maoni juu ya mfumo wa chama kimoja. Katika kila watu 100 waliosema, wapatao 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wako waliokilaumu kitendo hicho, na lawama yao ina haki yake. Lakini kwa mtu wa lugha hapa pana ushahidi wa maana ya neno. Maoni yalipimwa kwa uzito wa hoja, si kwa wingi wa vichwa tu. Miaka ishirini baadaye Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya tena maoni, safari hii juu ya Katiba, na rasimu yake ya pili ikatoka Desemba 2013. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014, nayo ilikuwa ipigiwe kura ya maoni mwezi Aprili 2015. Kura hiyo iliahirishwa. (Yafaa kukumbuka kwamba ndani ya chama kinachotawala, uchaguzi wa awali wa wagombea nao huitwa kura za maoni, na vikao vya juu vyaweza kuteua mtu asiyeongoza katika kura hizo. Wenye kulichagua jina hilo walijua walisemalo: kura ya maoni yatoa shauri, haikati.)

Kero, kwa upande wake, lilikuwa neno la nyumbani na mtaani kabla ya kuvaa joho la ofisi. Mfano mashuhuri ni kero za Muungano, jina waliloshikana nalo watu wote kwa mambo yanayobishaniwa kati ya Tanzania Bara na Zanzibar, na ambayo serikali mbili zimeundiana kamati ya kuyazungumza. Mengi kati ya hayo, kama vile mgawanyo wa mapato na mamlaka, kwa hakika ni tofauti za maoni juu ya umbo la dola. Lakini yalipoitwa kero yalionekana kama kokoto ndani ya kiatu: ukiitoa kokoto, safari yaendelea, na hapana haja ya kuuliza kama kiatu chenyewe chalingana na mguu.

Sasa twende Ufipa. Nchi hii imekaa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wake mkubwa, Sumbawanga, uko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya barabara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Rukwa watu 1,540,519. Wafipa ni wakulima hodari tangu kale. Ustadi wao wa kufukia majani ndani ya matuta ili yaoze na kurutubisha udongo uliandikwa na wataalamu zamani. Lakini mahindi kuwa zao la fedha kwa kadiri tuionayo leo ni tunda la siasa ya serikali. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua gunia la Sumbawanga kwa bei ile ile ya gunia la karibu na bandari. Gharama ya safari ilibebwa na shirika. Ndivyo Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ilivyopata sifa ya kulisha taifa. Mpango huo ulipolegezwa katika miaka ya 1980, umbali ulirudi kuwa mzigo wa mkulima, na tangu hapo kila sera juu ya mahindi hupimwa Ufipa kwa mizani ya wakati ule.

Kutokana na historia hiyo tunayaelewa maneno hatuna soko, ambayo hayakosekani penye wakulima wa mkoa huu. Mgeni akiyachukua kama yalivyo atashangaa, kwa maana masoko yapo, tena yana watu. Hatuna soko maana yake ni kwamba hakuna mnunuzi anayetoa bei ya kurudisha gharama. Tena yasemwa zaidi baada ya mavuno mazuri kuliko baada ya mabaya, jambo ambalo kwa mtu wa mjini, anayenunua unga, ni kinyume cha mambo. Ndani ya maneno hayo mawili mna hoja kamili: serikali ilituhimiza tulime, tumelima, basi ituachie tuuze penye bei. Hoja hiyo ni maoni. Lakini ikifika mbele ya meza hupokewa kama kero ya soko, nayo hupata jibu la kero: ghala litajengwa, kituo cha kununulia kitafunguliwa.

Jambo hili lilionekana dhahiri mwaka 2017. Mwezi Juni Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mahindi yasitoke nje ya nchi ila yawe yamesagwa, ili kuilinda akiba ya chakula. Kwa mkulima wa Kalambo, ambaye Zambia iko karibu kuliko makao makuu ya mkoa wowote jirani, huo ulikuwa ukuta. Kulikuwa na hoja za haki pande zote mbili. Serikali iliihofia njaa, na mwenye kuikumbuka njaa hawezi kulicheka neno hilo. Mkulima naye aliuliza kwa nini hofu ya taifa zima ilipiwe na gunia lake peke yake. Haya ni mashindano ya maoni hasa. Na tazama mambo yalivyogeuka: mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uliafikiana nayo kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Neno lililokuwa mwiko likawa biashara ya serikali yenyewe. Sidai kwamba sauti ya Ufipa ndiyo iliyobadili mwendo. Nasema tu kwamba hoja ya mkulima wa 2017 haikuwa usumbufu wa kuondolewa, bali shauri la kupimwa.

Iko hatua nyingine ambapo maoni hupungua uzito, nayo ni maandishi. Katika vijiji vingi vya Ufipa wazee huzungumza Kifipa wenyewe kwa wenyewe, lakini muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji huandikwa kwa Kiswahili na afisa mtendaji. Lugha ya mihtasari ina vitendo vyake vichache vilivyozoeleka: wananchi waliomba, wananchi walielezwa, wananchi walikumbushwa. Mzee aliyesema, “Mheshimiwa, mimi naona mpaka usifungwe,” hujikuta amegeuzwa kuwa mmoja wa wananchi walioomba wafikiriwe. Kukataa kwake kumekuwa ombi, na jicho lake lililoona limetoweka kabisa. Simlaumu mtendaji, huandika kama alivyofundishwa, na kitendo kuomba kina adabu ambayo hata mzee mwenyewe asingeikataa mbele ya watu.

Hata watafiti wa kura za maoni hawajaepukana na mtego wa namna hiyo. Mwezi Julai 2018 shirika la Twaweza lilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa 55 katika kila 100, baada ya kuwa 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017. Tume ya Sayansi na Teknolojia ililitaka shirika lieleze kuhusu kibali cha utafiti, na mjadala mwingi ukahamia huko. Mimi nilivutwa na neno lililotawala mazungumzo ya siku zile: kukubalika. Kiambishi -ik- hakimtaji mtenda. Kiongozi anayekubaliwa, amekubaliwa na watu fulani. Kiongozi anayekubalika ana sifa iliyo ndani yake, kama kikombe kinachovunjika. Maoni ya watu yalikuwa yamegeuzwa kuwa tabia ya kitu kinachotazamwa, na watazamaji wakasahauliwa.

Kwa hiyo atakayekwenda Laela, Matai au Namanyere kuuliza watu juu ya siasa ya serikali, nashauri asianze na jina, awe na maoni mdomoni au kero. Aanze na kitendo, katika Kifipa kwanza ikiwezekana, kisha katika Kiswahili: bei hii mwaionaje, mpaka huu mwauonaje? Tena aandike jibu kama lilivyotoka, na kitendo chake, na mtenda wake. Nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyeulizwa kero yake hutaja maji, barabara na mbolea kwa pumzi moja. Na mtu yule yule, akiulizwa aonavyo, hunyamaza kidogo, husogeza kiti, kisha huanza na habari za bei moja ya zamani.