Uokoaji wa data baada ya diski kufomatiwa

Uokoaji wa data baada ya diski kufomatiwa ni kazi ya kurudisha faili zilizokuwa kwenye diski kuu, hasa diski ya nje inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, baada ya diski hiyo kufomatiwa kwa makosa. Mara nyingi kazi hiyo inawezekana, kwa sababu kufomati kwa haraka hakufuti faili zenyewe bali huweka upya orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Faili hubaki mahali pake mpaka data nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo mafanikio hutegemea hasa mambo mawili: aina ya kufomati iliyotumika, na yale yaliyofanyika kwenye diski baadaye.

## Makosa yanavyotokea

Diski iliyoandaliwa kwa kompyuta za Mac au Linux ikiunganishwa na kompyuta ya Windows, mara nyingi Windows haiutambui mfumo wake wa faili na humtaka mtumiaji aifomati kabla ya kuitumia. Ujumbe huohuo huonekana pale mfumo wa faili unapoharibika, kwa mfano baada ya waya kuchomolewa wakati diski inaandikwa. Watu wengine huchagua herufi ya diski isiyo sahihi wanaposakinisha mfumo wa uendeshaji. Baadhi ya televisheni na ving'amuzi pia hufomati diski ya nje kabla ya kuanza kurekodi vipindi.

## Diski inavyohifadhi faili

Diski imegawanyika katika sekta, ambazo kwa kawaida zina baiti 512 au 4,096 kila moja. Sekta kadhaa hukusanywa kuwa fungu moja liitwalo klasta. Mfumo wa faili ndio unaoweka kumbukumbu ya jina la kila faili, tarehe yake, ukubwa wake na klasta ilizozishika. Kazi yake inafanana na ya ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: ukurasa huo ukichanwa, sura zote bado zimo, ila msomaji hajui zinaanzia wapi.

Mifumo inayotumika sana kwenye diski za nje ni FAT32 iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, NTFS ya mwaka 1993 na exFAT ya mwaka 2006. Katika NTFS, kila faili ina rekodi yake katika jedwali kuu, na kwa kawaida rekodi moja ina baiti 1,024.

## Kufomati kwa haraka na kufomati kamili

Kufomati kwa haraka huchukua sekunde chache. Kompyuta huandika jedwali jipya lisilo na faili na kuitangaza diski nzima kuwa tupu. Sehemu kubwa ya diski haiguswi.

Kufomati kamili ni tofauti. Katika Windows XP na matoleo yaliyotangulia, kulisoma diski yote kutafuta sekta mbovu bila kufuta data. Tangu Windows Vista, kufomati kamili huandika sifuri katika sehemu yote inayofomatiwa, na kilichoandikwa sifuri hakirudishiki kwa programu yoyote. Kwa diski ya terabaiti moja kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Ikikatizwa njiani, sehemu ambayo haijafikiwa inaweza bado kusomeka.

## Mbinu za uokoaji

Mbinu ya kwanza ni kutafuta mabaki ya mfumo wa faili wa zamani. Katika NTFS, jedwali jipya huwa dogo na mara nyingi hufunika mwanzo tu wa jedwali la zamani. Rekodi zilizosalia hutambulika kwa sababu kila moja huanza na herufi FILE. Kwa njia hii faili hurudi pamoja na majina na folda zake. Katika FAT32 hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kufomati hufuta jedwali linaloonyesha klasta moja inafuatwa na ipi.

Mbinu ya pili haitegemei mfumo wa faili. Programu husoma diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za aina za faili zinazojulikana. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na alama %PDF. Faili ya ZIP huanza na herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz aliyebuni muundo huo. Hati za Word za aina ya docx nazo huanza hivyohivyo, kwa kuwa kwa ndani ni faili za ZIP. Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba majina na folda hupotea. Tena, faili ambayo vipande vyake vilitawanyika mahali mbalimbali kwenye diski inaweza kurudi ikiwa na kasoro.

Miongoni mwa programu huria zinazotumika kuna TestDisk na PhotoRec, zote za Christophe Grenier. TestDisk hurudisha migawanyo ya diski na mifumo ya faili, na PhotoRec hutumia mbinu ya alama. Mwaka 2020 Microsoft ilitoa programu ya bure iitwayo Windows File Recovery.

## Hatua zinazoshauriwa

1. Kuacha kuitumia diski mara moja. Kila faili mpya inayowekwa inaweza kukalia mahali pa faili ya zamani.
2. Kutokubali kuifomati tena wala kuendesha programu ya kurekebisha makosa kama chkdsk, kwa sababu nayo huandika kwenye diski.
3. Kuisikiliza diski. Ikigonga au kukwaruza, tatizo ni la mitambo; izimwe na kupelekwa kwa fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Programu haiwezi kutengeneza mitambo, na kuilazimisha diski izunguke kunaweza kuongeza uharibifu.
4. Kutengeneza nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Programu ya GNU ddrescue hufanya kazi hiyo na inaweza kuruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye.
5. Kutafuta faili katika nakala hiyo badala ya diski ya awali. Jaribio likishindikana, diski yenyewe inabaki kama ilivyokuwa.
6. Kuhifadhi faili zilizookolewa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ileile inayookolewa.
7. Kuzifungua faili na kuzikagua. Jina kuonekana si uthibitisho kwamba yaliyomo ni mazima.

## Mipaka ya uokoaji

Data iliyoandikwa juu yake hairudi. Vilevile, diski za SSD zisizo na sehemu zinazozunguka zina tabia yake. Zikipokea amri iitwayo TRIM, hujulishwa ni sehemu zipi hazitumiki tena, nazo zinaweza kuzisafisha zenyewe. Hivyo kufomati kwa haraka kunakoacha data kwenye diski ya sumaku kunaweza kuifuta kabisa kwenye SSD. Diski iliyofungwa kwa usimbaji fiche ni kikwazo kingine: ufunguo ukipotea wakati wa kufomati, data iliyobaki haina maana kwa yeyote.

## Tukio la Alaska

Mnamo Julai 2006 fundi wa kompyuta katika Idara ya Mapato ya jimbo la Alaska, Marekani, alifomati kwa makosa diski yenye maombi ya gawio la Mfuko wa Kudumu wa Alaska, ambao hugawia wakazi sehemu ya faida yake kila mwaka. Diski ya nakala rudufu ilifomatiwa pia. Tegemeo la tatu lilikuwa kanda za sumaku, lakini zilipojaribiwa hazikusomeka. Taswira za hati zipatazo 800,000 zilikuwa zimepotea.

Kilichosaidia ni karatasi za asili, zilizokuwa bado kwenye maboksi yapatayo 300. Wafanyakazi walizipitisha tena kwenye skana kwa wiki kadhaa, kwa gharama ya zaidi ya dola 200,000.

## Faragha

Jambo linalomwokoa aliyekosea linaweza kumdhuru anayeuza kompyuta yake. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa Massachusetts Institute of Technology walichapisha utafiti kuhusu diski 158 zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua binafsi, habari za matibabu na namba za kadi za benki. Kwa hiyo kabla ya kuuza au kugawa diski ya sumaku, kufomati kwa haraka hakutoshi. Inapaswa kuandikwa upya yote.

## Kinga

Kanuni inayojulikana kama 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh, hushauri kuwa na nakala tatu za kila data muhimu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikiwa mahali pengine. Diski ya nje yenye nakala pekee ya picha au kazi za shule si akiba, kwa kuwa ikipotea hakuna kingine kilichobaki. Nakala zijaribiwe mara kwa mara kwa kufungua faili zake. Kabla ya kufomati, ni vizuri kuzichomoa diski nyingine zote na kuhakikisha jina na ukubwa wa ile iliyobaki.