Lubumbashi: Siku moja ya kutafuta msalaba wa mukuba

Msalaba wa mukuba wa babu yetu uliuzwa mbele ya watoto wangu kuzaliwa. Mtu mmoja alipita kijijini kwetu, upande wa Bukama, akinunua vitu vya zamani. Marehemu baba alikuwa na deni la masomo yetu, akautoa. Mama hajausahau hata leo. Ndiyo sababu tulipofika Lubumbashi kwa arusi ya mdogo wangu, aliomba siku moja iwe yake: wajukuu waone kitu ambacho nyumba yetu haina tena.

Tulikuwa watano, mama, mimi na watoto wangu watatu. Mkubwa ana miaka 13, mdogo ana 6.

Mji huu ulizaliwa na mukuba. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Élisabethville, na mwaka 1911 tanuru za Union Minière zikaanza kuyeyusha. Bomba la moshi lingali limesimama, na karibu nalo kuna mlima mweusi wa takataka za madini. Mdogo aliuliza kama mlima ule uliwekwa na Mungu. Bibi yake akamujibu kwamba uliwekwa na babu zake, kwa mabeleshi.

Lakini kwenye jumba la makumbusho tulikuta kwamba historia ya mukuba ni ya zamani sana kuliko mji. Misalaba midogo na mikubwa ilichimbuliwa katika makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957. Watu wa wakati ule walizikwa nayo. Ilikuwa pia feza: walinunua nayo vitu, walitoa nayo mahari. Mtoto mkubwa aliitambua mara moja, sababu aliiona katika kitabu cha historia, juu ya bendera ya Katanga ya mwaka 1960 hadi 1963. Mama hakusema neno. Aliweka kidole juu ya kioo, kisha akasema polepole: “Wa kwetu ulikuwa mkubwa kuliko huu.”

Kutoka pale tulienda kwa mafundi wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Fundi mmoja alikuwa anakata jiwe kwa msumeno huku maji yakimwagika juu yake. Bila maji, alisema, vumbi yake inaingia katika mapafu. Kisha jiwe linasuguliwa kwa karatasi ya msasa, kuanzia ile ngumu hadi ile laini, mpaka ling'ae kama kioo. Alitufundisha pia kujua la uongo: plastiki ni nyepesi na haina baridi mukononi.

Jambo lililowashangaza watoto lilikuwa lingine. Lile jiwe la kijani ndilo mukuba wenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni mukuba. Wazee walioitwa “wala mukuba” walilichimba wakati wa kiangazi, wakalitia pamoja na makaa katika tanuru ndogo ya udongo wa kichuguu, wakapuliza kwa mivuo. Kijani kikatoka chekundu. Mtoto wangu wa pili alikataa kabisa kuamini, mpaka fundi akamupa kipande cha jiwe na kipande cha mukuba avishike pamoja.

Kwa jirani yake, anayefua sahani na picha za mukuba kwa nyundo, tulikuta misalaba imepangwa chini juu ya kitambaa. Ilikuwa myeusi, kama iliyotoka kaburini.

“Hii ni ya zamani?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Niliiyeyusha mwenyewe wiki iliyopita, nikaimwanga katika mchanga. Kuna wenye watakuambia ni ya zamani. Mimi hapana.”

Nilimuuliza mukuba unatoka wapi. Alisema ni waya. Waya wa nani? Alicheka, hakujibu. Nami sikuuliza tena, ingawa katika nchi yetu kila mtu anajua mtaa uliolala gizani sababu ya kamba za umeme zilizoibiwa.

Mama alibembeleza bei karibu nusu saa. Mtoto mkubwa alikasirika: tulikuja kutafuta wa babu, sasa tunanunua wa juzi, wa uongo.

“Wa babu nao kuna mtu aliufanya,” mama alisema. “Siku ile nao ulikuwa mupya.”

Mtoto alinyamaza kidogo. Kisha aliomba fundi apige mwaka nyuma ya msalaba, kwa namba kubwa, ili siku moja mtu asiuuze kama wa zamani. Fundi alichukua patasi na nyundo, akapiga namba nne. Kwa kazi hiyo aliongeza franka elfu mbili.