Kumeza Ndoana, Mshipi Hadi Chubwi

Wazungumzaji wa Kiingereza wakitaka kusema mtu ameamini uongo wote bila kubakiza chembe, husema ameumeza "hook, line and sinker": ndoana, mshipi na chubwi, ile risasi inayofungwa kwenye mshipi ili chambo kizame. Wengi huuchukulia msemo huu kama njia nyingine tu ya kumwita mtu mjinga. Naona wanaupunja. Mpangilio wa vitu hivyo vitatu una mengi ya kutufunza kuhusu namna watu wanavyoingia mkenge.

Tuanze na samaki. Hana mkono wa kupapasia, kwa hiyo akitaka kujua kama kitu kinalika hukitia mdomoni. Hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi pamoja na chakula, naye akaonja. Kisipompendeza, hukitema. Mvuvi wa mshipi huyasikia haya kidoleni: mdonoo, kimya kidogo, kisha mvuto. Akiwahi kukaza, ndoana humshika samaki mdomoni. Akichelewa, na samaki ana njaa kweli au anagombania chambo na wenzake, ndoana hushuka hadi tumboni na haitoki mpaka samaki apasuliwe.

Kufika kwenye chubwi ni chuku. Mara nyingi hufungwa mbali kidogo na ndoana, na samaki wa kawaida hafiki huko. Msemo huu ulikulia Marekani katika karne ya 19, zama ambazo watu wa huko walipenda mno hadithi za kutia chumvi, na chumvi hiyo bado unayo.

Waingereza walikuwa na samaki wao kabla ya hapo: gudgeon, samaki mdogo wa mtoni ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 15, mwepesi kunasa na anayefaa kuwa chambo cha samaki wakubwa. Mtu wa kudanganyika upesi aliitwa kwa jina lake. Shakespeare alimtaja katika The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, pale Gratiano anapomwonya Antonio asiifanye huzuni kuwa chambo cha kuvulia sifa.

Lakini msemo wa Kimarekani unakwenda mbali zaidi. Ndoana imefichwa ndani ya chambo, na anayenaswa nayo hana lawama. Mshipi na chubwi havikufichwa. Anayevimeza amepita dalili zilizo wazi, na swali la maana ni kilichompitisha.

Tarehe 1 Aprili 1957, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha familia ya Ticino, Uswisi, ikivuna tambi mitini. Watazamaji walipiga simu, wengine wakiuliza wafanyeje ili nao waoteshe mti huo. Tarehe yenyewe, siku ya wajinga, ilitosha kuwashtua. Ila Waingereza wengi wa wakati ule hawakuwa na mazoea ya kula tambi, na aliyesimulia ni Richard Dimbleby, mtangazaji ambaye taifa zima lilimwamini. Kutojua kitu na kumwamini msemaji vilitosha kuwavusha.

Kwetu, uvuvi wa namna hii unafanyika kwenye simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hautaji jina, kiasi wala deni, na ufupi huo ndio nguvu yake. Hutumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Asiyedaiwa anaupuuza. Lakini kuna aliyemwahidi mwenye nyumba kodi asubuhi ile ile, na kwake maneno hayo yanakamilika yenyewe. Sikubali aitwe mpumbavu. Deni analo kweli, na haraka anayo kweli. Tapeli amebahatisha tu saa yake.

Dalili zinabaki wazi mbele yake. Namba ni ngeni. Kabla hajathibitisha malipo, jina la mpokeaji linamtokea kwenye kioo, na si la mwenye nyumba. Analisoma, anajiambia labda ametumia laini ya mkewe, kisha anaingiza namba ya siri. Maelezo hayo ya mke hayakutoka kwa tapeli. Ameyatunga mwenyewe.