Mlango wa Siri Unapokataa Kufunguka

Ndani ya nyumba ya Minecraft kuna ukuta wa mawe usio na alama yoyote ya ajabu. Pembeni yake imetundikwa fremu yenye upanga. Anayejua siri anauzungusha upanga hadi pembe fulani, ukuta unajigawa katikati na chumba cha hazina kinaonekana. Kijana aliyeujenga amewaonyesha ndugu na marafiki kwa fahari. Halafu siku moja anauzungusha upanga, matofali matatu yanaondoka, la nne linabaki limeziba njia. Nyuma ya ukuta kuna pistoni, nyaya na mienge, vyote vimefunikwa. Anachukua sururu na kuanza kubomoa.

Hapo ndipo ningependa mtu amshike mkono. Naamini kabisa kwamba sehemu bora ya mchezo huu haiko katika kujenga mtambo. Iko katika kuutafutia ugonjwa ukishagoma. Kujenga siku hizi kumerahisishwa mno. Ziko video chungu nzima za kuiga, tofali kwa tofali, nyingine za magwiji kama Mumbo Jumbo wa Uingereza, na aliye makini kidogo atamaliza mlango wa siri kabla ya chakula cha jioni. Lakini aliyeiga bila kuelewa hana pa kuanzia mtambo unapokataa, kwa sababu video ilimwonyesha kila tofali linakaa wapi na haikumwambia linafanya nini.

Minecraft ilitoka hadharani Mei 2009 mikononi mwa Msweden Markus Persson, na toleo kamili likafuata Novemba 2011. Redistoni, madini mekundu yanayochimbwa chini kabisa ardhini, iliingia Julai 2010. Kwa mwaka mmoja hivi kazi yake ilikuwa ndogo: kufungua mlango wa chuma, kulipua baruti. Katikati ya 2011 zikaja pistoni, vifaa vya kusukuma matofali, na kuanzia hapo ukuta wenyewe ukaanza kutembea. Mitambo ya kufichwa ilizaliwa hapo, pamoja na maradhi yake.

Kanuni za msingi ni chache. Unga wa redistoni ukimwagwa sakafuni unakuwa waya. Mkondo huanza na nguvu ya 15 na kupungua kwa moja katika kila tofali, hivyo tofali la kumi na sita halipati kitu. Ripita inaurudisha hadi 15, ila inauchelewesha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, au mbili, tatu, nne, kadiri ilivyosetiwa. Mwenge wa redistoni hufanya kinyume: tofali ulilopachikwa likipata mkondo, mwenge unazimika. Pistoni husukuma matofali yasiyozidi 12, na obsidiani haisogei hata kwa dawa. Kanuni hizi hazichoki wala hazisahau. Mtambo uliogoma nao umezitii zote, na ndiyo maana naona inafaa kumwambia mtoto tangu mwanzo kwamba mchezo haujamwonea: kuna mahali, tofali moja mahususi, ambapo alichodhani na kilichopo vimeachana.

Mara nyingi mahali hapo ni ukuta wenyewe. Hili huwashangaza wengi. Mtambo ulipokuwa wazi ulifanya kazi vizuri, ulijaribiwa mara nyingi, kisha ukafunikwa kwa mawe na palepale ukafa. Sababu ni kwamba katika Minecraft tofali gumu la kawaida halikai tu pale kama pambo. Waya wa redistoni unaopanda ngazi, kutoka tofali la chini kwenda la juu yake kwa pembeni, hukatika mara tofali gumu linapowekwa juu ya ule waya wa chini. Mjenzi anayeziba pengo ili nyaya zisionekane ndiye anayezikata. Na kinyume chake kipo pia. Jiwe hupokea mkondo na kuupitisha kwa kilicho nyuma yake, kioo hakipokei. Siku mwenye nyumba anapoamua kupendezesha sebule kwa kubadili mawe mawili matatu kuwa vioo vya rangi, huenda ameondoa daraja ambalo mkondo ulikuwa unapitia. Mlango unakufa, naye anakwenda kukagua pistoni, ambazo hazina kosa lolote.

Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi ni hili: tangu mara ya mwisho ulipofunguka, ni nini kimeguswa? Si ndani ya mtambo tu, bali popote karibu yake, hata picha, zulia au dari ya chumba cha jirani.

Ubaya wa sururu ni mkubwa kuliko fujo ya mawe. Matofali ya Minecraft hupashana habari. Tofali likiwekwa au likivunjwa, majirani zake wanaarifiwa, nao wanajikagua upya. Sasa, katika toleo la Java, lile la kompyuta, pistoni ina tabia ambayo imewasumbua wajenzi kwa miaka mingi: huhesabu kwamba ina mkondo hata pale mkondo unapofika kwenye nafasi iliyo juu yake, ijapokuwa nafasi hiyo ni hewa tupu. Mojang, kampuni yenye mchezo, iliamua kuiacha tabia hiyo ibaki. Lakini mkondo ukifika huko juu, si lazima pistoni iarifiwe. Inaweza kukaa imejikunja ilhali ilipaswa kunyooka, au imenyooka ilhali mkondo umekwisha zamani, ikisubiri jirani yeyote atikisike ndipo ijikague. Mtu anavunja jiwe pembeni yake ili achungulie, pistoni inaarifiwa, inajirekebisha papo hapo, na anayechunguza anaukuta mtambo mzima kabisa. Anarudisha jiwe, anaondoka akiwa ameridhika. Kesho yake kasoro ipo vilevile. Ushahidi wote ulifutwa na pigo la kwanza la sururu.

Ndiyo maana njia za kutazama bila kugusa zina thamani kubwa. Toleo la Java lina hali ya mtazamaji, iliyoongezwa 2014, ambapo mchezaji anapenya kuta kama upepo bila kubadilisha chochote. Kitufe cha F3 kinaleta maandishi yanayoeleza hali ya tofali unalolilenga; ukiulenga waya wa redistoni unasoma nguvu yake, kuanzia 0 hadi 15, hivyo huna haja ya kukisia kama mkondo umefika. Na tangu Desemba 2023 ipo amri ya kusimamisha wakati na kuusogeza pigo moja moja. Mchezo hupiga mapigo 20 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukiusimamisha, unaona pistoni ipi ilitangulia na ipi ilichelewa. Kwa anayechunguza mlango wa pistoni nyingi, amri hiyo moja inaokoa jioni nzima.

Palipo na waya mrefu, usianze kichwani wala mkiani. Nenda katikati. Bonyeza swichi, tazama kama mkondo umefika pale katikati. Ukifika, nusu ya kwanza ni salama na unaiacha; usipofika, unaiacha nusu ya pili. Kisha unaikata tena kwa nusu ile iliyobaki. Waya wa matofali 64 unakuletea tofali lenye kosa kwa vipimo sita. Fundi umeme mwenye testa yake hufanya hivyohivyo kwenye nyumba ya watu. Hatoboi plasta ya chumba kizima kwa sababu taa moja haiwaki. Na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Aliyebadilisha ripita tatu kwa mkupuo na mtambo ukapona hajui kilichouponya, na ukirudia kuugua ataanza upya.

Kasoro za muda ndizo zinazotesa zaidi, kwa sababu kila kitu kipo mahali pake na bado matokeo ni mabaya. Pistoni ya kunata, ile yenye ute wa kijani, husukuma tofali na kulirudisha. Lakini katika toleo la Java, ikipewa mkondo mfupi mno, inalisukuma na kulitelekeza. Wajenzi hodari huitumia tabia hiyo kwa makusudi. Kwa mlango wetu wa siri, inatosha mtu apite karibu na ripita, aibonyeze kwa bahati mbaya, na ucheleweshaji ubadilike kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tofali la nne linaachwa njiani. Mwenge nao una ukomo wake: ukilazimishwa kuzimika na kuwaka mara nyingi mno ndani ya sekunde tatu, unaungua na kunyamaza.

Wanaocheza kwa simu wana taabu yao ya ziada, na nadhani hawaambiwi vya kutosha. Minecraft ya simu ni toleo la Bedrock, lililoandikwa upya kwa lugha nyingine ya kompyuta, na redistoni yake inafanana na ya Java kwa sura kuliko kwa mwenendo. Ile tabia ya pistoni kupokea mkondo kutoka nafasi ya juu haipo. Ile ya pistoni ya kunata kutelekeza tofali haipo. Mtoto wa Tandika au Likoni aliyeshika simu ya mama yake anaitazama video iliyorekodiwa kwa Java, anaiga kila kitu bila kukosea hata kimoja, na mlango haufunguki. Anahitimisha kwamba hajui, ilhali mikono yake haina kosa. Kabla ya kutafuta hitilafu yoyote kwenye mtambo ulioigwa, hakikisha kwanza kwamba mchoro ni wa toleo unalolicheza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu mlango. Unahusu ghala linalojipanga lenyewe, ambalo wachezaji wengi hulificha chini ya sakafu. Vitu vinamwagwa sehemu moja, vinapita juu ya safu ya hopa, yaani faneli za kupokea vitu, na kila hopa inachukua aina yake tu: chuma huku, makaa kule. Hopa ina nafasi tano. Katika mpango unaotumika sana, nafasi ya kwanza inawekwa vitu 41 vya aina inayotakiwa, na nne zilizobaki kitu kimoja kimoja cha kuzibia, ili kisiingie kingine. Jumla 45. Komparata inapima ujazo huo na kutoa nguvu ya 2, ambayo haifiki popote. Kikiingia kitu cha 46 nguvu inakuwa 3, inafika kwenye mwenge, hopa ya chini inafunguliwa na kitu kinashuka sandukuni.

Uzuri wa hesabu hii unaonekana sanduku linapojaa. Vitu havina pa kushukia, nafasi ya kwanza inajaa hadi 64, jumla inakuwa 68, na komparata bado inatoa 3. Sasa chukulia kwamba siku ya kujenga, mkono uliteleza na nafasi mojawapo ya kuzibia ikapata vitu viwili badala ya kimoja. Hakuna atakayegundua. Ghala litafanya kazi wiki baada ya wiki. Kisha sanduku la makaa linajaa, jumla inafika 69 badala ya 68, na kwa hicho kitu kimoja nguvu inapanda hadi 4. Nguvu ya 4 inafika tofali moja mbele zaidi, kwa jirani, na kuifungua hopa ya chuma isiyohusika. Chuma cha kuchujia kinateremka chote, nafasi inabaki wazi, na kila takataka inaanza kuingia kwenye sanduku la chuma.

Mwenye ghala analalamika kuhusu chuma. Anaivunja safu ya chuma na kuijenga upya kwa uangalifu mkubwa, na inaharibika tena, kwa sababu kosa liko kwa makaa na lilifanyika siku ya kwanza. Sijui somo la darasani linalomfundisha kijana wa miaka kumi na miwili kwa uwazi kama huo kwamba dalili na chanzo vinaweza kukaa nyumba mbili tofauti. Wazazi wanaouliza kama mchezo huu una faida yoyote wangeketi karibu na mtoto jioni ya namna hiyo.

Lipo pia suala la umbali. Ulimwengu wa mchezo umekatwa vipande vya matofali 16 kwa 16, na vilivyo mbali na mchezaji husimama. Mtambo mrefu unaovuka mpaka wa vipande unaweza kuachwa nusu macho nusu usingizini mchezaji anapoondoka kabla haujamaliza mzunguko wake. Kama mlango unaharibika pale tu unaporudi kutoka safari, anzia hapo.

Haya yote yangepungua sana kama wajenzi wangefikiria matengenezo kabla ya kuficha. Acha ujia nyuma ya ukuta, upana wa tofali moja na kimo cha mawili; mchezaji ana kimo cha tofali 1.8, atapita. Jenga kila mzunguko juu ya sufu ya rangi yake: wa kufungua juu ya nyekundu, wa kufunga juu ya buluu. Weka kibao kwenye kila ripita kinachosema imesetiwa ngapi. Kabla ya kugusa chochote, nakili ulimwengu wote, uchunguze nakala. Na unapofunika, usifunike ukuta wote kwa pamoja. Weka jiwe moja, zungusha upanga, hakikisha mlango umefunguka na kufunga. Weka la pili, zungusha tena. Jiwe litakaloukata mkondo litajulikana likiwa bado mkononi mwako.