Kinini ya usingizi na shimo la asubuhi

Hapa Goma usingizi umekuwa kitu cha kutafuta. Tangu mapigano ya Januari 2025, na hata mbele yake, tangu Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kuna nyumba ambamo upepo ukigonga mlango tu, kila mutu anaamka. Mchimbaji anayerudi toka Rubaya naye ana yake: udongo uliokatika, wenzake waliobakia chini. Ndipo anapita kwenye farmasi ya kona, anasema: «Munipe ile ya usingizi.» Wanamukatia kinini tatu kwa mkasi, bila karatasi ya munganga, bila kueleza kitu.

Mara nyingi ile kinini ni diazépam, ile wazee wanaita Valium. Kampuni Roche ya Uswisi ilianza kuiuza mwaka 1963, na ni dawa ya maana. Mutoto akishikwa na kifafa kisichoacha, inaweza kuokoa maisha yake. Inalegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda. Na kwa wasiwasi mukali, munganga anaweza kuiandika kwa muda mufupi, kwa kawaida isipite juma ine. Hatusemi basi muitupe.

Shida iko kwenye masaa. Diazépam haitoki mwilini jua likitoka. Nusu yake inaweza kubakia kwenye damu hata siku mbili, na ukikunywa ingine jioni, inaongezeka juu ya ile ya jana. Unajiona umeamka, kumbe mikono iko nzito na akili inachelewa. Ndani ya shimo, udongo ukianza kumwagika na mwenzako akipiga kelele «Tokeni!», sekunde mbili ni nyingi. Motari pia, barabarani ni vile vile. Kwa maoni yetu, mwenye kuikunywa usiku asishuke kesho yake, na PDG wa shimo asimwite mvivu.

Inayoua haraka ni kuchanganya. Diazépam na kanyanga, ao na Tramadol ambayo wachimbaji wengine wanakunywa kwa maumivu ya mugongo: zote zinapunguza pumzi. Mutu anakoroma, pumzi inakatika, na nyumbani wanazani amechoka tu. Ukimutikisa haamki, mumulaze kwa ubavu, mumukimbize hospitali pamoja na paketi ya dawa yenyewe.

Kisha mwili unaizoea. Leo moja, kiisha mwezi mbili hazitoshi. Na kuiacha kwa gafula nako ni hatari: kutetemeka, kukosa usingizi kupita mbele, hata kushikwa na kifafa. Kwa hiyo mama, usimufichie bwana yako dawa kwa hasira. Munganga ndiye anaipunguza pole pole, kwa majuma. Nawe ukiwa na mimba ao unanyonyesha, usionje ya bwana: mutoto pia anaipata.

Toka 2013, OMS inashauri kwamba mukubwa aliyetoka kuona mambo ya kutisha asipewe dawa za aina hii mwezi wa kwanza kwa kutuliza ile trauma. Kuongea na mutu aliyefunzwa kusikiliza ni bora. Hapa mjini, Tulizo Letu ya Frères de la Charité inapokea wenye shida za akili, na kwenda kule haimaanishi umekuwa kichaa. Ukienda, beba paketi zote, na useme ukweli juu ya pombe.