“Vivo”: Wimbo Uliochelewa, na Namna ya Kuwaambia Watoto Habari za Kifo

Mzee anapofariki dunia nyumbani, mara nyingi watoto wadogo huambiwa kwamba babu amesafiri. Twasema hivyo kwa upendo, tukidhani tunawaepusha na uchungu ulio mzito kuliko umri wao. Lakini mtoto aliyeambiwa hivyo humngoja babu arudi, na asiporudi huanza kujiuliza amemkosea nini hata akaondoka bila kuaga. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wazazi na walezi habari za filamu moja ya katuni, iliyojaa nyimbo na vichekesho, ambayo haikulikwepa jambo hili.

Filamu hiyo yaitwa “Vivo”. Ilitengenezwa na Sony Pictures Animation, ikaanza kuonyeshwa kupitia Netflix tarehe 6 Agosti 2021. Mwongozaji wake ni Kirk DeMicco, naye Lin-Manuel Miranda ndiye aliyetunga nyimbo na kutoa sauti ya mhusika mkuu. Mhusika huyo si mtu bali ni kinkaju, mnyama mdogo wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, mwenye macho makubwa na mkia wa kujishikizia matawini. Ukimtazama kwa haraka utamdhani komba. Jina lake, kwa lugha ya Kihispania, maana yake ni “hai”.

Vivo anaishi Havana, mji mkuu wa Cuba, pamoja na mzee mmoja mwanamuziki aitwaye Andrés. Kila siku wawili hawa hutumbuiza uwanjani na kujipatia riziki yao. Mzee haelewi maneno ya Vivo; yeye na wanadamu wengine husikia sauti za mnyama tu, ingawa sisi watazamaji twayasikia yote. Wanachoelewana ni muziki, na huo wawatosha.

Siku moja barua yafika kutoka Miami. Mwandishi wake ni Marta Sandoval, mwimbaji mashuhuri aliyekuwa mwenzake Andrés jukwaani katika ujana wao. Anastaafu, na anamwalika rafiki yake wa kale aje katika onyesho lake la kuaga. Hapo ndipo mzee anapotoa wimbo alioutunga miaka mingi nyuma ili kumweleza Marta kwamba anampenda. Hakuwahi kumpa. Aliona kwamba Marta ana nafasi ya kwenda Marekani na kufanikiwa, akahofu kwamba neno lake lingemzuia. Basi akanyamaza, naye Marta akaenda zake. Sasa mzee anataka kuupeleka wimbo mwenyewe. Usiku unapita, asubuhi inafika, na Vivo anagundua kwamba Andrés amekufa.

Tendo hili linatokea mapema kabisa, na limesimuliwa kwa heshima. Haonyeshwi mzee akiteseka wala hapatumiki maneno ya kuzungukazunguka. Vivo anahuzunika, tena anajilaumu, kwa maana awali hakuifurahia safari hiyo hata kidogo. Alipenda maisha yao yalivyo na hakutaka chochote kibadilike. Sehemu iliyobaki ya filamu ni safari yake ya kuufikisha wimbo kwa Marta kabla onyesho halijaanza, na hakuna anayedanganywa kwamba akifanikiwa Andrés atafufuka.

Anayemsaidia ni Gabi, binti mwenye nywele za zambarau na kelele nyingi, aliyefika Havana na mama yake kwa ajili ya kumkumbuka marehemu. Vitabu vya Wazungu vingemwita mtoto wa mpwa wake Andrés. Kwa hesabu yetu ni mjukuu wake, na mambo yamekwisha. Gabi naye ni yatima wa baba. Mama yake, Rosa, anamtaka awe na utulivu na ajiunge na wasichana wenzake, ilhali yeye hupiga ngoma kwa mdundo wake mwenyewe. Tumewaona wajane wengi wanaobeba mzigo wa namna hii, wakihangaika kumlea mtoto aliyefiwa nao wenyewe wakiwa bado hawajamaliza kulia.

Hatutaisifu filamu yote kwa kipimo kimoja. Safari ya katikati, katika vinamasi vya Everglades kusini mwa Florida, imevutwa mno. Ndege wawili wa rangi ya waridi, wenye midomo kama mwiko, wanachekesha bila kuongeza mengi katika hadithi. Naye chatu achukiaye kelele aweza kumtisha mtoto wa miaka minne au mitano. Ni vema mtu mzima awe karibu. Isitoshe, mazungumzo na nyimbo vimechanganya Kiingereza na Kihispania, hivyo wadogo watahitaji mkalimani.

Lakini ni humo vinamasini kinapotokea kisa tunachokiona kuwa moyo wa filamu nzima. Karatasi yenye wimbo inaharibika. Vivo anakata tamaa, kwa kuwa alidhani kwamba pamoja na karatasi ile amempoteza Andrés mara ya pili. Gabi, ambaye naye anamlilia baba yake, anaketi pamoja naye, na polepole wanaukusanya wimbo kutoka katika kumbukumbu, huyu akileta maneno, yule sauti. Mtoto aliyefiwa anakuwa mfariji wa mfiwa mwingine. Haambiwi anyamaze, wala haambiwi kwamba yeye ni mdogo hajui kitu.

Tukumbuke pia majira ambayo filamu hii ilitoka. Kanisa lilikuwa katika mwaka maalum wa familia, uliofunguliwa tarehe 19 Machi 2021, miaka mitano baada ya Wosia wa Kitume “Amoris Laetitia”. Siku kumi na mbili tu kabla ya filamu, tarehe 25 Julai, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Mababu, Bibi na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na hayati Baba Mtakatifu Francisko. Watengenezaji hawakuyapanga haya. Kazi yao ilikuwa imeanza zamani, na studio ya kwanza iliyoishika iliiacha njiani. Hata hivyo wosia ule una aya kadhaa, kuanzia ya 253, juu ya familia inayoguswa na kifo, na zasomeka vizuri sana baada ya kumtazama Vivo. Humo twaelezwa kwamba sala ni njia mojawapo ya kudumu katika ushirika na wapendwa wetu waliotangulia. Filamu yenyewe haigusi sala. Mzazi Mkristo ndiye atakayeiongeza.

Ushauri wetu kwa familia ni mwepesi. Filamu ina dakika zipatazo 95. Itazameni pamoja, na kama babu au bibi yupo nyumbani, naye aketi. Ifikapo asubuhi ile ya Havana, isimamisheni kidogo na kuwaacha watoto waulize. Wengine watauliza kama mzee alikuwa mgonjwa, wengine yuko wapi sasa. Jibuni kwa maneno ya kweli, mkilitaja jina la marehemu wenu, na pengine kumwombea papo hapo raha ya milele. Kisha endeleeni hadi Miami, ambako Marta, baada ya kupata habari za kifo cha rafiki yake, hataki tena kupanda jukwaani, mpaka mnyama mdogo aingiapo chumbani mwake na kumkabidhi wimbo.