Droni ina rubani, naye yuko ardhini

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha picha za video alizozipiga kwa droni yake nyumbani kwao Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Zilikuwa picha za kuvutia mno: genge limesimama wima, ukungu wa asubuhi umetanda chini, na mashamba ya bondeni yanaonekana kama viraka vya nguo kuukuu. Nilimwuliza droni ilikuwa umbali gani wakati huo. Alijibu kwa fahari kwamba ilikuwa imepita kilomita mbili. Je, aliweza kuiona? Akacheka. "Mwalimu," alisema, "mimi sikuenda popote. Ni ndege iliyoenda."

Jibu hilo lilinichekesha, kisha likanitia wasiwasi. Mimi si mhandisi. Ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno na yale yanayofichwa na maneno hayo. Nilianza kushuku kwamba kosa la kijana huyu halikuanzia kwenye kidhibiti alichokishika mkononi, bali katika lugha. Vyombo vyetu vya habari vimezoea kuiita droni "ndege isiyo na rubani". Waama, istilahi hiyo inapotosha. Rubani yupo. Tofauti ni kwamba yuko ardhini, miguu yake imekanyaga nyasi, na ndege ikianguka yeye haumii.

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupaa angani. Rubani alikuwa mtu aliyekiongoza chombo kwa sababu aliijua miamba na mikondo, na zaidi ya yote kwa sababu aliyatumia macho yake. Hakuwa rubani kwa kushika usukani tu. Kumwondoa mtu huyo katika jina la droni ni kumwondolea dhima yake, na dhima isiyo na mwenyewe ni hatari kwa kila mtu.

Hebu tutazame tukio moja la kweli. Jioni ya tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk iligongana na droni ndogo karibu na Staten Island, mjini New York. Helikopta ilitua salama, lakini panga lake moja lilikuwa limebonyea, na vipande vya droni vilipatikana ndani yake. Wachunguzi wa ajali waliitumia namba iliyokuwa kwenye kipande kimoja kumtafuta mwenye droni. Walipompata, walikuta hana habari kwamba amegonga kitu chochote. Alidhani droni yake imepata hitilafu na kuanguka majini. Wakati wa ajali ilikuwa kiasi cha kilomita nne kutoka aliposimama.

Jambo la kuzingatia hapa ni kimo. Ajali ilitokea kwenye futi 300 hivi, ilhali kikomo cha droni nchini humo ni futi 400. Kwa kimo peke yake, mtu huyo hakuwa amekosa. Makosa yake yalikuwa mengine. Aliirusha droni nje ya upeo wa macho yake, tena katika anga iliyokuwa imefungwa kwa muda, huku akitegemea programu ya kidhibiti imwonye badala ya kujitafutia habari mwenyewe. Helikopta ilikuja, na hapakuwa na jicho la kuiona.

Hapa kwetu, kanuni za vyombo hivi za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya (KCAA), zinaweka mipaka kama hiyo: droni isajiliwe, isipite futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi, na isitoke katika upeo wa macho ya anayeirusha, isipokuwa kwa idhini maalumu. Vijana wengi huiona mipaka hii kuwa ukali wa serikali usio na maana. Nadhani hilo linatokana na kutoelezwa sababu zake.

Sababu ya futi 400 ni rahisi. Kanuni za kimataifa huzitaka ndege za kawaida zinazoongozwa kwa macho zisishuke chini ya futi 500 kutoka ardhini, na juu ya miji futi 1,000, ila zinapopaa au kutua. Kwa hiyo kati ya dari ya droni na sakafu ya ndege za watu pana mwanya wa futi 100. Mwanya huo ndio ukuta pekee uliopo, nao umejengwa kwa hewa tupu. Isitoshe, zipo ndege zenye ruhusa ya kuushukia ukuta huo na kuupita: helikopta za polisi na za uokoaji, au ndege za kunyunyizia dawa kama zile zilizopambana na nzige nchini mwaka 2020. Ndiyo maana kimo hakitoshi bila macho. Anayeiona droni yake na anga inayoizunguka ataisikia helikopta na kuishusha droni mara moja. Anayetazama kioo kidogo anaona tu kile kilicho mbele ya kamera.

Nirudi kwenye somo langu. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba "juu ya" haijitoshelezi, hudai nomino. Juu ya meza. Juu ya paa. Tunaposema futi 400 juu, swali la kwanza liwe: juu ya nini? Kanuni husema juu ya ardhi iliyo chini ya droni pale ilipo. Droni nyingi za kawaida husema jambo tofauti. Zinapima mabadiliko ya mgandamizo wa hewa tangu ziliporuka, na tarakimu inayoonekana kwenye kioo ni kimo juu ya mahali ziliporukia. Hata kizuizi cha kimo kilichowekwa na kiwanda aghalabu huhesabiwa kutoka hapo hapo.

Katika uwanja tambarare tofauti hiyo haina uzito. Iten ni mambo mengine. Sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini ya ukingo wake. Mwanafunzi wangu alipaa mita 80, akaielekeza droni bondeni, na kioo kikaendelea kusema mita 80. Kioo hakikusema uongo. Kilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Droni ilikuwa mamia ya mita juu ya ardhi iliyokuwa chini yake. Na anga ya ukingo ule si tupu: watu huruka hapo kwa miavuli, wakibebwa na upepo unaopanda genge. Nilipomkumbusha hilo, kicheko kilimtoka usoni. Ukiugeuza mfano huo utapata balaa jingine: arushaye akiwa chini ya kilima, akielekea kileleni, huona mita 100 kwenye kioo hadi droni inapoupiga mlima.

Masafa nayo yana udanganyifu wake. Matangazo ya biashara hutaja kilomita 10 au zaidi. Tarakimu hiyo ni ya mawimbi ya redio katika mazingira yasiyo na vizuizi. Si ya jicho, wala si ya betri. Macho ya mtu hupoteza droni ndogo baada ya mita mia chache. Kuhusu betri, walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hili. Droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, na betri yake inadumu dakika 30. Kilomita 10 za kwenda zitachukua sekunde 1,000, na za kurudi vivyo hivyo. Jumla inapita dakika 33. Tayari haifiki nyumbani. Sasa tuongeze upepo wa mita 5 kwa sekunde unaoisukuma mgongoni wakati wa kwenda. Itafika kwa dakika 11 tu, na kijana atashangilia. Kurudi, upepo ule ule utakuwa usoni. Mwendo utabaki mita 5 kwa sekunde, na safari itahitaji zaidi ya dakika 33. Kwenda kuzuri ndiko kunakoficha ubaya wa kurudi. Droni itaishiwa na nguvu njiani, na itakapoangukia haitachagua kati ya kichaka na uwanja wa shule.

Sisemi kwamba droni haziwezi kwenda mbali. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za mashambani, mbali kabisa na macho ya wanaozirusha. Lakini huko kuna idhini, njia zilizopangwa, na watu ambao kazi yao ni kufuatilia kila safari. Walipoliondoa jicho, waliweka kitu mahali pake. Kijana aliyesimama peke yake ukingoni mwa genge hajaweka chochote.

Wanafunzi wetu watazirusha droni, tutake tusitake. Wengine watapata riziki kwazo katika harusi, mashamba na upimaji wa ardhi. Mwalimu anayezungumza nao na aanze na jina. Tuiite droni, au tuseme ndege inayoongozwa kutoka ardhini, lakini tuache kusema haina rubani. Kisha tuwafunze maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kuirusha na wakati wote ikiwa angani: juu ya nini? Naiona?

Mwanafunzi wangu aliniandikia wiki iliyopita. Alikuwa amerudi ukingoni na droni yake, lakini safari hii hakuivusha genge. "Nilikuwa nayo," aliandika. Mtenda katika sentensi hiyo ni yeye mwenyewe, nami niliridhika.